Uliza Dereva: "Programu zote zilionyesha kijani, nikakwama Atlanta"

*Barua zinajibiwa na dereva wa semi, mzaliwa wa Iringa, mwenye miaka 14 kwenye barabara kuu ya I-75 nchini Marekani.*

SWALI: Yaya, salamu. Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, naishi Lexington, Kentucky. Nina miezi minne tu tangu nipate leseni ya malori, na kampuni imenipa safari za kushuka I-75 hadi Florida na kurudi. Simu yangu ina programu tatu za barabara na kila moja inasema lake. Juzi zote tatu zilikubaliana: kijani hadi Florida. Nilipoingia Atlanta nikakaa saa mbili na nusu. Disipacha, yule anayetupangia safari ofisini, akaniuliza, "Kwani hukuangalia?" Niliangalia, yaya, tena muda wote. Sasa niangalie nini?
*— Msomaji, Lexington*

JIBU: Mdogo wangu, marahaba. (Najua watu wa Bukavu hamna shikamoo, nimeipokea hivyo hivyo.)

Shida yako umeitaja mwenyewe: "muda wote". I-75 inaanzia Sault Ste. Marie, Michigan, mpakani na Kanada, inakatiza Ohio, Kentucky, Tennessee na Georgia, halafu inakwenda kuishia karibu na Miami. Ni zaidi ya maili 1,700. Hakuna binadamu anayeweza kuichunga barabara ya namna hiyo kwa kuikodolea macho. Mimi kutoka Lexington hadi Florida naangalia mara tano tu, na kila mara nikiwa nimeegesha, mahali ambapo bado nina la kuchagua. Ukishapita njia ya mwisho ya kutokea, hata ukijua kuna foleni mbele, utaijua tu ukiwa ndani yake.

Kwanza tuitazame hiyo kijani. Programu ya simu inapima mwendo wa simu zilizomo ndani ya magari. Rangi unayoiona ni ya sasa hivi. Ulipoondoka Lexington saa nne asubuhi, Atlanta ya saa nne asubuhi ilikuwa kijani kweli, haikukudanganya. Lakini kutoka kwako hadi pale ni zaidi ya maili 370, kwa hiyo umeingia mjini kama saa kumi jioni, watu milioni kadhaa wanarudi nyumbani. Kwa nini ushangae? Toka Lexington saa kumi alfajiri, utaikuta Atlanta saa nne, wenye ofisi zao wameshakaa vitini. Ukishindwa kutoka saa hiyo, basi toka kwa hesabu ya kufika baada ya saa moja na nusu usiku. Hilo halihitaji programu hata moja.

Kuna kijani nyingine mbaya zaidi, na hiyo ndiyo iliyonifundisha mimi. Barabara ikifungwa kabisa, hakuna gari linalopita pale mbele ya ajali. Ramani inabaki bila simu za kupima, na kipande hicho kinaweza kuonekana cheupe na safi kama hakuna kitu. Januari moja, mwaka wangu wa tatu, nilipita Corbin usiku nikiwa na shehena ya vipuri vya magari. Kibao cha taa juu ya barabara kiliandika kuna ajali mlimani, Tennessee. Nikachungulia simu: kijani. Nikaamini simu.

Unaujua mlima wa Jellico? Ukivuka mpaka wa Tennessee unaanza kupanda. Njia za kutokea, yaani egziti, ni namba 160, halafu 156, halafu hakuna tena mpaka 144. Maili 12, mwamba huku, korongo kule. Sisi wa Iringa tukiuona tunasema huu ni Kitonga uliopanuliwa. Tela la mwenzetu lilikuwa limejikunja kwenye barafu na kuziba njia zote, nami nikasimama maili mbili baada ya 156. Nilikaa pale muda wa saa tano. Nilikuwa na chai nusu chupa na maandazi mawili, moja nikampa dereva wa lori la jirani, mzungu wa Michigan, akaliuliza jina lake mara tatu. Theluji ilikuwa inashuka taratibu, mtu anatembea katikati ya barabara kuu ya Marekani kwa ndala akitafuta pa kujisaidia. Kile kijisanduku cha ndani ya lori kinachohesabu saa zetu za kazi hakijui theluji. Sheria inakupa saa 11 za kuendesha, na zote ziishe ndani ya saa 14 tangu uanze kazi. Nilipotoka pale, za kwangu zilikuwa zimebaki za kufika egziti ya kwanza yenye maegesho tu.

Corbin nilikuwa na choo, kahawa na maegesho. Ningelala pale.

Kwa hiyo vituo vyangu vitano ni hivi. Lexington kabla ya kuwasha gari: natazama hali ya hewa ya mlima na habari za Atlanta. Corbin: mlima tena, maana malori hayana njia ya maana ya kuukwepa, na kusubiri pale ndiyo njia yako ya pili. Kisha Athens, Tennessee, kwa sababu ya ukungu, nitakueleza. Halafu mahali popote kati ya Resaca na Cartersville, kabla hujafika egziti 259 ya Georgia. Pale lazima uingie I-285, ile barabara ya kuuzunguka mji. Lori linalopita tu haliruhusiwi kukatiza katikati ya Atlanta, hivyo kazi yako ni moja: upande wa magharibi au wa mashariki? Ukiuliza kabla ya 259 umeuliza kwa wakati. Mwisho ni kabla ya Macon, maana kwenye 177 kuna I-475 inayoukwepa mji na kukurudisha I-75 kwenye 156. Mimi huishika hata pasipo na foleni.

Sasa uulize wapi. Kila jimbo lina macho yake, na macho hayo yanaishia mpakani. Kentucky wana GoKY, Tennessee wana SmartWay, Georgia na Florida wana huduma zao za 511. Ukipanda kaskazini, Ohio wana OHGO na Michigan wana Mi Drive. Namba 511 ilitengwa mwaka 2000 kwa ajili ya habari za barabara, lakini usitegemee kwamba ukipiga ukiwa Kentucky utaambiwa habari za Georgia. Ndiyo maana ya kufungua ukurasa wa jimbo linalofuata kabla hujalifikia. Humo utakuta ajali, matengenezo, na kitu ninachokipenda kuliko vyote: kamera.

Watu wengi wakifungua kamera wanahesabu magari. Mimi naangalia tairi na paa. Tairi zikirusha mvuke mweupe nyuma, lami ina maji na bado inapitika. Lami ikiwa inang'aa na tairi hazirushi kitu, hapo ogopa, inawezekana ni barafu. Halafu tazama upande wa pili, malori yanayokuja kutoka unakokwenda wewe. Tela likiwa na theluji ya unene wa kiganja juu ya paa, basi huko mbele inaanguka, hata kama hapo kwenye kamera kumekauka. Ni ujuzi ule ule wa nyumbani: semi ikishuka kutoka Tunduma imejaa tope hadi vioo, huhitaji kuuliza habari ya mvua.

Jifunze pia kusoma namba. Egziti zinafuata maili, na maili zinaanza sifuri mpaka wa kusini wa kila jimbo na kupanda kuelekea kaskazini. Ukishuka zinapungua. Ukisikia "ajali maili 29 Kentucky" nawe uko 104, unajua una maili 75 za kufikiria. Mtego uko Knoxville. Pale I-75 inaazima njia ya I-40, na kwa kipande hicho namba ni za I-40: utaona 380 na kitu hadi 368, kisha ghafla 84. Wageni wengi wanadhani wamepotea. Wewe jua tu kwamba tangazo la "I-40 maili 374" linakuhusu sana.

Nimekuahidi ukungu. Kusini ya Athens, karibu na Calhoun, I-75 inavuka mto Hiwassee. Tarehe 11 Desemba 1990 ukungu ulitanda pale ghafla asubuhi na magari 99 yakagongana. Walikufa watu 12, wakaumia 42. Baada ya hapo jimbo likaweka vipimo vya ukungu, rada za mwendo, vibao vinavyobadilisha mwendo unaoruhusiwa, hata mageti ya kuzuia magari yasiingie barabarani. Kibao cha pale kikisema maili 35 kwa saa, usimtazame anayekupita. Na Florida, kusini ya Gainesville, kwenye mbuga ya Paynes Prairie, tarehe 29 Januari 2012 moshi wa moto wa nyasi ulichanganyika na ukungu, wakafa watu 11. Barabara ilikuwa imefungwa usiku ule, ikafunguliwa tena, na muda mfupi baadaye magari yakaanza kugongana. Tangu nilipoijua habari hiyo, neno "imefunguliwa" nalisikia kwa sikio moja.

Mawili ya sheria, nikuache. Simu mkononi wakati wa kuendesha lori ni kosa la serikali kuu, faini ya dereva inafika dola 2,750, ndiyo maana nasema egesha. Na ukikutwa njiani na hali mbaya ambayo hukuijua wala hukutegemewa kuijua kabla ya kuondoka, sheria inakuongezea muda usiozidi saa 2. Foleni ya jioni ya Atlanta haimo. Kila mtu anaijua, na sasa na wewe unaijua. Wakati unaangalia pale Lexington, piga picha ya ukurasa wenye saa yake, uwe na cha kumwonyesha disipacha.

SWALI: Mume wangu anaendesha I-75 kati ya Dayton na Knoxville. Nikiona kwenye taarifa kuna ajali Cincinnati nampigia simu, yeye anakasirika. Nisipompigia anasema sijali. Nifanyeje?
*— Mke wa dereva, Dayton, Ohio*

JIBU: Shemeji, hapo umeshika daraja la Brent Spence, na kwa hilo nakupa haki ya kuhangaika. Limejengwa 1963 kuvuka mto Ohio, lina ghorofa mbili, na limebeba I-75 na I-71 kwa pamoja. Lilikusudiwa magari kama 80,000 kwa siku, leo yanapita karibu mara mbili yake. Bega la barabara hakuna; gari likiharibika, limeharibikia njiani. Novemba 2020 malori mawili yaligongana usiku, moto ukawaka, daraja likafungwa wiki sita hivi. Nilikuwa nazunguka kwa I-275 kila safari hadi karibu na Krismasi.

Simu usimpigie. Mtumie ujumbe wa sauti mfupi, asiohitaji kuujibu: mahali, namba ya maili, upande gani. "Brent Spence, kwenda kusini, imefungwa" inatosha. Wangu mimi alikuwa ananitumia dakika tatu: ajali, kisha ada ya shule, kisha shangazi yake, na maili haijatajwa.

Na umtumie mapema. Akitoka Dayton akishuka, chaguo lake ni I-275 kaskazini ya Cincinnati, karibu maili 40 kutoka kwako. Baada ya pale ujumbe wako ni wa pole tu. Fungua OHGO akiwa bado anafunga kamba za viatu, mwambie akiwa mlangoni. Akirudi kutoka Knoxville ni kazi ya GoKY, na I-275 ya upande wa Kentucky. Hapo hasira itabaki ya mambo mengine, ambayo safu hii haiyawezi.

SWALI: Nasikia huko Marekani kamera zinajua kila kitu. Sisi huku TANZAM, barabara ya Tanzania kwenda Zambia, bado tunaweka matawi ya miti barabarani lori likiharibika. Tutafika lini?
*— Utingo, Makambako*

JIBU: Mdogo wangu, matawi hayo nimeyaweka mimi mwenyewe pale Ruaha Mbuyuni, na kuna siku yameniokoa. Usiyaondoe, ila lori likipona yatoe, maana wengi wanayaacha na dereva wa usiku akikuta matawi mara tano bila lori, ya sita atayakanyaga. Huku nako vibao vya taa vinasahaulika vikiwaka, "ajali mbele", na ajali imeondolewa tangu jana. Wenzangu wa chaneli 19 ya redio ya CB, ile ya kuongea lori kwa lori, ndio huniambia kama ni kweli. Tunaulizana kwa maili, wanaoshuka wanawajibu wanaopanda, kama nyinyi mnavyomulikiana taa kwenye kona za Kitonga. Juzi karibu na Williamsburg nilisikia mtu anaulizia mlima kwa Kiingereza cha lafudhi ya Kigoma. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba mlima ni mkavu, apande. Kimya kidogo, kisha akasema, "Ee bwana, nani huyo?"