Mbona dhoruba ya Boston hutangazwa mapema, ya Ziwa Victoria hutushtukiza?

SWALI: Mdogo wangu anaishi Boston. Kila majira ya baridi hunipigia simu kwamba wametangaziwa dhoruba ya theluji siku nne kabla, na kweli inafika. Sisi wavuvi wa mukene (dagaa) tunatoka jioni ziwa limetulia, usiku wa manane tunapigwa. Wataalamu wetu mna upungufu gani? – Mvuvi, Kalangala

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa hayo mnayoyapitia. Vifaa vina sehemu yake, lakini tofauti kubwa ni ukubwa wa dhoruba zenyewe.

Ile ya pwani ya mashariki ya Marekani huzaliwa pale hewa baridi ya Kanada inapokutana na hewa vuguvugu juu ya Gulf Stream, mkondo wa maji vuguvugu baharini. Ina upana wa mamia ya kilomita na huishi siku kadhaa, hivyo kompyuta huweza kuifuata. Ile kubwa ya Machi 1993 ilitabiriwa siku 5 kabla. Lakini njia yake ikisogea kidogo tu, hesabu huvurugika: Januari 2015 New York iliambiwa ijiandae kwa theluji ya zaidi ya sentimita 50, bustani ya Central Park mjini humo ikapata kama 25, huku Boston ikifunikwa. Mwambie mdogo wako tangazo la mapema ni la kununua chakula na kuahirisha safari. Kiasi cha theluji akisikilize siku ya mwisho.

Wingu la radi la ziwani laweza kuwa na upana wa kilomita 10 tu, likakua na kwisha ndani ya saa moja au mbili. Hakuna awezaye kukutajia wingu hilo siku 5 kabla. Tunachokijua ni tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka pande zote kuingia ziwani, ukakutana huko na kupandisha hewa yenye unyevu. Ndiyo maana radi nyingi za ziwani hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi, saa zile zile taa zenu zinavuta mukene. Picha za setilaiti zimeonyesha pia kwamba alasiri ikiwa na radi nyingi nchi kavu kuzunguka ziwa, usiku wake huwa wa hatari zaidi.

Kwa hiyo alasiri ya namna hiyo, nakusihi, lala nyumbani. Siku nyingine sikiliza utabiri wa jioni ile ile kabla ya kuondoka mwaloni, na jaketi la kuokolea livaliwe tangu ufukweni, kwa maana mawimbi yakishaanza hakuna nafasi ya kufunga kamba. Ukiona umeme unamulika mbali, vuta nyavu urudi.