Kifua kinauma, kila daktari na lake

Pole sana, dada uliyetuandikia kwamba kifua kinakuuma. Kuambiwa na daktari mmoja ni asidi ya tumbo, mwingine misuli, wa tatu eti mawazo tu, kunachosha. Maumivu yako ni ya kweli.

Kilichonishtua ni dawa. Unakunywa omeprazoli, ya kupunguza asidi, uliyopewa na daktari huyu, huku unameza diklofenaki, ya maumivu, uliyopewa na yule. Diklofenaki huumiza tumbo. Kama una asidi au vidonda, unavichochea. Isitishe kwanza, kisha mpelekee daktari mmoja dawa zote, na maboksi yake, azione kwa pamoja.

Halafu ECG moja, kile kipimo cha umeme wa moyo, kuwa safi si mwisho wa habari. Inasoma moyo kwa wakati ule tu, na wewe siku ile hukuwa unaumwa. Omba rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ubebe vyeti vyote.

Kabla ya hapo andika kwenye daftari: saa, ulikuwa unafanya nini, kikaachaje. "Nimelala baada ya chipsi mayai, kinawaka" ni habari moja, huenda ni asidi. "Nimepanda ngazi za daraja la Manzese kikabana, nikasimama kikaachia" ni nyingine kabisa, huenda ni moyo, na hiyo usikae nayo wiki. Ukikibonyeza kifua kwa kidole kikauma palepale, huenda ni misuli, andika pia.

Kikibana ukatoka jasho, pumzi zikakata au maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, usisubiri rufaa wala asubuhi. Amsha jirani, chukueni bajaji au gari lolote, nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu.