Muulize Bibi Shamba: Viwavi wa mistari ukutani, nipulize dawa?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Tumehamia Nzuguni, kiwanja bado kina pori. Mvua zilipoanza, kando ya ukuta pakaota mmea wa majani mapana ya kijivu, ukiukata unatoa maziwa, na maua yake ni meupe yenye ncha za zambarau. Sasa umejaa viwavi wa mistari myeusi, myeupe na ya njano. Jirani anasema ni viwavijeshi na watahamia kwenye mahindi yangu. Baba watoto ameshanunua dawa. Tupulize? Mama Wawili, Nzuguni.

JIBU: Marahaba mwanangu. Dawa hiyo muiweke kwanza. Mtu akiniletea habari ya kiwavi, mimi huuliza jambo moja kabla ya yote: umemkuta anakula nini? Viwavi wengi wa vipepeo huchagua sana chakula. Huyo wako anakula mimea ya maziwa, basi. Hata ukimpandisha kwenye muhindi kwa mkono wako atashuka, au atakufa njaa. Viwavijeshi wetu wa asili wanakula jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele. Na yule vamizi aliyeingia nchini mwaka 2017 utamkuta ndani ya moyo wa muhindi, sio ukutani. Chambua majani ya katikati. Ukiona kinyesi cha unga unga, na kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne ya mraba karibu na mkia, hapo ndipo umwite bwana shamba.

Sasa nenda ukamwangalie vizuri huyo wa ukutani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Ana jozi tatu za pembe nyeusi, laini, mbele, katikati na nyuma. Haziumi. Geuza majani machanga, huenda ukaona yai dogo jeupe, moja peke yake, limebandikwa chini ya jani. Yale maziwa ni sumu, na kiwavi anaihifadhi mwilini mwake. Akishakuwa kipepeo, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizotiwa madoa meupe, ndege akimwonja anamtema na hamrudii tena. Wataalamu wanamwita Danaus chrysippus. Na yupo kipepeo mwingine kabisa, asiye na sumu, ambaye jike wake amevaa rangi hizo hizo ili ndege wamwogope. Dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe. Mimi nimezeeka na kazi hii na bado nikiwaona wawili hao kwenye ua mmoja nasimama.

Dawa ukiipuliza pale haitachagua. Itaua nyuki wanaokuja kwenye maua hayo, na hapa Dodoma tunalima alizeti, nyuki tunawahitaji.

Fyekeni mlangoni na kwenye njia, maana nyoka nao wapo. Ule mstari wa ukutani uacheni mpaka mvua zikatike, mwezi wa nne au wa tano. Watoto waangalie, lakini wasichezee maziwa yale: yakiingia machoni yanadhuru vibaya. Anayegusa anawe mikono kwa sabuni. Wakiona pupa, yaani kifuko ambamo kiwavi anageuka kipepeo, inaning'inia, ya kijani au ya waridi, yenye vidoa vinavyong'aa kama dhahabu, wasiitikise. Kwenye joto letu haikai hata wiki mbili.

SWALI: Bibi, mche wangu wa ndimu una viwavi wadogo wanaofanana na kinyesi cha ndege. Wakikua wanageuka kijani, ukiwagusa wanatoa pembe za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Msomaji, Kondoa.

JIBU: Ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Hawa kweli wanakula ndimu na michungwa, sikufichi. Pembe ni za kutishia tu, hazina madhara. Waokote kwa mkono uwahamishie kwenye mti mkubwa wa ndimu, wako au wa jirani atakayekubali. Mti mkubwa hausikii kitu. Mche wenye majani machache wanaweza kuubakiza kijiti.