Kuzunguka Mlima Elgon kwa pikipiki: ingia Malaba, lala Sipi, tokea Suam

Nikitaja Uganda na maporomoko ya maji, waendeshaji wenzangu wengi huwaza Murchison tu. Siwalaumu. Mto Nile kubanwa kwenye mwanya wa mita saba hivi, kisha ukatupwa zaidi ya mita 40 chini, si mchezo, na Idi Amin hakukosea alipoyapa jina la Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Lakini Murchison iko ndani ya hifadhi yenye simba na tembo, na kutoka mpaka wa Kenya ni safari ya kuikata nchi hadi kaskazini-magharibi. Huko mimi huenda kwa gari. Kwa pikipiki, hasa kama hujawahi kuvuka mpaka nayo, nenda maporomoko ya Sipi. Ingia kwa mpaka wa Malaba, pitia Tororo na Mbale, panda Sipi, halafu tokea mpaka wa Suam, urudi Kenya. Utakuwa umeuzunguka Mlima Elgon, na upande wa Uganda unatembea kwenye lami.

Kinachowatisha watu ni mpaka, kwa hivyo tuanzie hapo.

Trela za Malaba hupanga foleni ya kilomita kadhaa. Hiyo foleni si yako. Pikipiki hupita pembeni. Pita polepole tu, maana dereva wa trela akiamua kusogea, wewe uliye ubavuni mwake hakuoni. Ukitoka Kenya usisimame upande wa Kenya: kituo ni cha pamoja, maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja upande wa Uganda. Dirisha hili unagongewa kutoka, la pili unagongewa kuingia. Mkenya anaruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mimi hubeba pasipoti hata hivyo, kitambulisho kinabaki kwenye begi kama akiba. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Pikipiki nayo ina karatasi zake. Forodha wanataka logbook, na jina lililo kwenye logbook liwe lako. Kama pikipiki ni ya mtu mwingine, njoo na barua yake iliyogongwa muhuri na wakili. Wengi wetu tumenunua kwa mkopo na aliyetukopesha bado ameshikilia logbook. Muombe barua wiki moja kabla, usimpigie simu ukiwa umesimama juani Malaba. Bima ya Kenya peke yake haitoshi ng'ambo, unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo kampuni yako ya bima inaweza kukutolea kabla hujaondoka. (Ya chanjo pia ni ya njano. Ziweke mifuko tofauti.)

Kabla hujafika dirishani utazungukwa na vijana wenye mafaili kwapani. "Boss, leta logbook nikufanyie chapchap." Mjibu kwa heshima, "Asante kaka, nafanya mwenyewe," na uendelee kutembea. Kazi ya pikipiki moja haihitaji wakala, na hiyo logbook isiondoke mkononi mwako ikaingia kwenye faili la mtu usiyemjua.

Ukishapewa kibali cha muda cha kuingiza pikipiki, usiondoke dirishani. Kisome pale pale. Namba ya usajili, namba ya chesisi, tarehe ya mwisho. Chesisi ni msururu mrefu wa herufi na tarakimu, na anayeichapa amechoka. Niliwahi kumwambia mmoja, "Afande, hapa mmeandika nane, yangu ni tatu," naye akaisahihisha bila neno. Ukigundua hilo ukiwa Suam, maelezo yatakuwa mengi. Na mwambie mapema kwamba utatokea Suam, si Malaba, ili aliweke kwenye kumbukumbu.

Pesa: shilingi moja ya Kenya inacheza kwenye 28 za Uganda. Piga hesabu kwa simu yako mwenyewe kabla hujatoa noti. Zile sifuri humchanganya mtu, na mwenye kubadilisha analijua hilo vizuri.

Tororo utaijua kwa mwamba wake, umesimama peke yake kama mtu aliyenuniwa na mji mzima. Usikae sana. Mbale ndipo pa kula. Tafuta malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga, chakula cha Wagisu. Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, utaikuta kila kona ya Uganda, malewa huyapati hivyo. Jaza tanki, angalia cheni na breki, kisha shika njia ya Sironko.

Baada ya Muyembe barabara inaanza kupanda, na hapo ndipo pikipiki inalipa. Kona zinafuatana, kahawa na migomba pembeni, na ukigeuka nyuma tambarare imelala hadi macho yachoke. Kuna ng'ombe, watoto wa shule na malori ya ndizi yanayoshuka katikati ya barabara. Ukiwa unashuka tumia gia, usining'inie kwenye breki. Msimu wa mvua uliza hali ya njia kwanza: Novemba 2024 maporomoko ya udongo yaliua watu Bulambuli, wilaya hiyo hiyo unayopita. Desemba hadi Februari ni kukavu zaidi.

Sipi si poromoko moja, ni matatu kwenye mto mmoja, na refu kuliko yote, la chini, linakaribia mita 100. Watu hupiga picha la chini wakiwa barabarani na kuondoka, yaani wameona pazia tu. Chukua kijana wa pale akuongoze, patana bei kabla hamjaanza, na uliza kama ada za wenye mashamba mnayopita zimo ndani. Viatu vya pikipiki viache ulikolala. Njia ya kushuka ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, na soli ngumu haishiki. Ukifika chini husikii anachosema kiongozi wako, mnaongea kwa mikono, na koti linalowa kabla hujafikia maji yenyewe. Yote matatu yanakula nusu siku. Jioni kuna baridi, kwa hivyo lile koti liwe na mwenzake.

Kiswahili chako kitakufikisha mbali, na ukijua Kikalenjini utashangaa, kwani Wasabiny wa huku ni ndugu za Wakalenjin. Kapchorwa ndiko kwao mwanariadha Joshua Cheptegei, na asubuhi utawapisha vijana wanaokimbia mlima unaoisumbua pikipiki yako.

Jaza mafuta Kapchorwa. Kuanzia hapo hadi Suam ni kilomita 73 zenye vituo vichache. Suam ni mpaka mtulivu, na utulivu huo huwafanya watu wagongewe pasipoti na kupita. Nenda forodha, rudisha kibali, uhakikishe pikipiki imeondolewa kwenye mfumo. Isipoondolewa, kwa Uganda bado iko huko, na ukirudi utaulizwa iliingiaje tena bila kutoka. Ndipo ushuke Endebess hadi Kitale.