Jibu: Mchoro wa Oppenheim wa kumalizika kwa Sabato
Ndugu, hiyo familia uliyouliza inafanya nini kwenye mchoro wa mchoraji Moritz Oppenheim iko kwenye Havdala, ibada fupi ya nyumbani ya Wayahudi ya kuiaga Sabato, siku yao takatifu ya mapumziko, Jumamosi usiku nyota zikishatoka. Hubarikiwa divai, halafu manukato (mara nyingi karafuu au mdalasini) ambayo kila mtu hunusa, kisha moto. Mshumaa hutakiwa uwe na tambi zaidi ya moja, ndiyo maana husukwa kama nywele. Watu huukaribishia vidole, watazame kucha zao, kwa sababu mwanga ukishabarikiwa sharti utumike. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote! Oppenheim, Myahudi wa Hanau, Ujerumani, aliuchora mchoro huo miaka ya 1860, akikumbuka maisha ya Wayahudi wa zamani.