Mteremko hauanguki siku unapokata mti

Mwaka nilipokata miti 11 ya miwati iliyokuwa kwenye mteremko ulio juu ya nyumba yetu, hakikutokea kitu. Masika yalikuja yakapita, udongo ukabaki palepale, nami nikamcheka mama aliyenisihi niiache. Nguzo niliuza, matawi tukafanya kuni, na pale palipobaki wazi nikapanda kabichi. Sisi watu wa Lushoto mnatujua: jua likigusa ardhi tu, tumeshapanda kabichi.

Masika ya nne yalinifundisha adabu. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na alfajiri moja tukasikia kishindo kama lori linamwaga mawe. Kipande cha mteremko kilikuwa kimeshuka na choo chetu, matope yakaja kusimama kwenye ukuta wa jiko. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini swali halikunitoka: kwa nini masika ya nne, na si ya kwanza?

Jibu lilikuwa palepale udongo ulipokatikia. Mizizi ya miwati ilikuwa imejaa kwenye ule ukuta mbichi, ila ukiishika inamomonyoka mkononi kama biskuti iliyolowa. Miti nilikata kwa siku mbili. Mizizi ilichukua miaka kuoza. Muda wote huo mteremko ulikuwa umeshikwa na maiti, na mimi nikidhani umesimama wenyewe.

Fundi wa ujenzi ataelewa haraka. Zege ukiligandamiza linabeba, ukilivuta linapasuka, ndiyo maana tunalaza nondo ndani yake. Udongo uko hivyohivyo, na nondo zake ni mizizi. Wengi hufikiri kazi inafanywa na ile minene kama mkono. Hiyo ina faida yake ikipenya hadi kwenye nyufa za mwamba, lakini inayoushona udongo ni ile myembamba kama njiti za kiberiti, kwa maelfu. Na hiyo ndiyo hutangulia kuoza. Zaidi ya hapo mti ulio hai unakunywa maji. Ukiuondoa, udongo unashiba mvua, unakuwa mzito, na chembe zake zinaachiana.

Kwa hiyo kabla hujashika shoka, uliza kwanza kama mti huo huchipua. Mkaratusi ukikatwa hutoa machipukizi, na mizizi mingi huendelea kuishi (usiupande karibu na chemchemi tu, utakuja kunilaumu). Mpaini haurudi, na mwati mkubwa kwa kawaida hufa na kisiki chake. Miti ya namna hiyo ipunguze kidogo kidogo, na inayochukua nafasi yake iwe imepandwa miaka miwili mitatu kabla. Kisiki usiking'oe hata kama kinakukera machoni.

Mimi nilianza upya na nyasi, kwa sababu mti unataka miaka na mvua haikusubiri. Kwanza nilipima kontua, yaani mistari ya usawa inayokatiza mteremko, kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati. Ni kifaa cha bure na hakidanganyi kama jicho. Kwenye mistari ya juu nilipanda nyasi za vetiva, shina hadi shina kama sentimita 10 hadi 15. Ukiacha nafasi kubwa, maji hupita hapo yote kwa pamoja na kuchimba mfereji. Mizizi ya vetiva hushuka wima badala ya kutambaa shambani, na kwenye udongo mzuri hufika mita mbili na zaidi. Mwaka wa kwanza ipalilie, ikishakomaa ikate kimo cha goti. Mistari ya chini nikaweka majani ya Guatemala, maana ng'ombe wa zizini naye anadai haki yake. Hayo yanakula rutuba sana, usiyabananishe na mahindi. Na ukivuna, kata; ukiyang'oa umerudi ulikotoka.

Majani hayo si uvumbuzi wangu. Mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti mashambani, ulioanza hapa Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, uliyapigia debe sana. Kabla yao wakoloni waliwalazimisha wazee wa Mlalo, hapahapa Lushoto, kulima matuta, na wazee wakayachukia. Mpaka leo ukimtajia mzee fulani neno "matuta" anakunja uso.

Katikati ya mistari nimepanda miti michache ya migrevilea na mishai. Migomba niliyopewa na jirani nimeihamishia bondeni. Mizizi yake mingi iko juu juu, na mkungu ukikomaa mgomba wenyewe unakuwa mzigo ukingoni.

Sasa, nisikudanganye. Mizizi inashika udongo wa juu, pengine mita moja au mbili. Mpasuko ukiwa chini zaidi ya hapo, nyasi na miti vinashuka pamoja na mlima. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka na matope yakafika mji wa Katesh ulio chini yake. Nguvu ya namna ile haizuiwi na vetiva. Ukiona ufa uliopinda kama mwezi juu ya nyumba, miti iliyokuwa wima imeanza kuinama, au maji yanabubujika pasipokuwa na chemchemi, waondoe watoto usiku huohuo, mambo ya kupanda yatafuata baadaye.

Mteremko wangu umetulia misimu kadhaa sasa, na vetiva imeshikana hata kuku hapiti. Choo kipya lakini nimekijenga upande wa pili wa nyumba, kwenye tambarare.