Ukienda Kutibu Uingereza, Nunua Daftari Kabla ya Koti

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dokta kijana aliyeko Mwanza, anayekuja NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. "Shikamoo kaka. Nimepata kazi NHS, naanza Agosti. Naomba uniambie ukweli, watu wanasema huko kuna ubaguzi. Na koti ninunue huku mtumbani au nikifika?"

La koti nilimjibu palepale: nunua ukifika. La ubaguzi nimetembea nalo siku kadhaa, na kwa kuwa wengi wenu mnaonisoma mna safari hiyohiyo moyoni, nimeona nijibu hapa.

Habari za IELTS, mtihani wa Kiingereza, na PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje, sizirudii, mnazijua, na baadhi yenu mna tarehe za mtihani wa Manchester mkononi. Ninaanzia siku niliyoingia wodini Uingereza kama daktari.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa siku ya kwanza. Nilioneshwa choo, stoo ya dripu na karatasi ya namba za simu, na usiku wa nne nikawa zamu nikiangalia wodi tatu. Mkataba wangu haukuwa wa mafunzo. Maana yake ni kwamba ratiba ikiwa na pengo, wewe ndiye unayeliziba, na hakuna daktari bingwa ambaye kukufundisha ni sehemu ya kazi yake. Wengi wenu mtaanzia hapohapo.

Wagonjwa wa kubagua wapo. Mzee mmoja nilimsalimia, nikamweleza nataka kumpima kifua, akamgeukia nesi akasema, "Mwite daktari." Nesi akamwambia daktari ndiye huyu. Mzee akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akavuta shuka. Inauma, lakini inafanyika mchana kweupe na mashahidi wapo. Tangu Aprili 2020 hospitali za NHS zinaruhusiwa hata kumnyima huduma isiyo ya dharura mgonjwa anayewatukana watumishi kwa rangi yao. Wa namna hii hawanikoseshi usingizi.

Ubaguzi ulionikosesha usingizi ulivaa tai, ukaniita kwa jina langu, ukanikaribisha kiti.

Ilikuwa Februari, usiku. Mama wa miaka 70 na ushei, figo zimechoka, majibu ya damu yakaja na potasiamu 6.8. Kwa wasio wa fani, hapo moyo unaweza kusimama muda wowote. Nilimpa kalsiamu ya mshipa, kisha insulini uniti 10 pamoja na glukosi. Insulini haishushi potasiamu tu, inashusha na sukari, tena inaweza kuishusha saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo nikaandika kwenye faili sukari ipimwe mara kwa mara kwa saa 6, nikamwambia nesi kwa mdomo, nikaitwa wodi nyingine. Nilipopata dakika mbili za kukaa, nikaandika kwenye daftari langu dogo: saa 7:10 usiku, kitanda cha 9, maagizo nimeandika, nesi nimemwambia.

Saa 11 alfajiri sukari yake ilikuwa 2.4, chini mno. Tulimwongezea glukosi, akazinduka, na asubuhi nilimwacha anakunywa chai. Katikati hapo vipimo viwili vilirukwa. Yule nesi simlaumu, alikuwa na wagonjwa 12 peke yake. Tukio likajazwa kwenye mfumo wa kuripoti, na hiyo ni sawa kabisa, ndivyo wagonjwa wanavyolindwa.

Sasa sikilizeni. Mwezi huohuo daktari mwenzangu, kijana mwenyeji na mtu mwema, alitoa insulini ileile na hakuandika kabisa sukari ipimwe. Bingwa wetu alimchukua kantini, akamnunulia kahawa, akamchorea kwenye kitambaa cha karatasi jinsi insulini inavyofanya kazi. Nimejua kwa sababu kijana mwenyewe alinisimulia, kwa furaha, jinsi bosi alivyo mwalimu mzuri. Hakujua alichokuwa ananiambia.

Mimi niliitwa kwa barua pepe. Watu watatu upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili. Neno lililorudiwa ni moja: mawasiliano. Kuna wasiwasi kuhusu mawasiliano yako. Nikauliza ni kitu gani hasa nilichosema kikaeleweka vibaya, na kwa nani. Hakuna aliyekuwa na mfano. Mlikariri neno hilo, wadogo zangu. Likitajwa bila mfano, ombeni mfano, na ombeni kwa maandishi.

Hapo nikafanya kosa ambalo Mswahili yeyote angelifanya. Nilisema nasikitika sana kwa yaliyompata yule mama. Moyoni nilikuwa natoa pole. Kwetu pole unampa hata aliyejikwaa barabarani, na hakuna atakayedhani wewe ndiye uliyemwekea jiwe. Kiingereza kina neno moja linalobeba pole na samahani kwa pamoja. Muhtasari wa kikao ulipokuja, ulisema daktari amekubali kosa lake.

Nikafungua daftari. Nikawaandikia saa, kitanda na maneno niliyoyaagiza, nikaomba faili la mgonjwa liletwe, kwa sababu siku ile mezani halikuwepo. Liliposomwa, maagizo yalikuwemo, mwandiko wangu, saa yangu. Baada ya wiki mbili nikapata barua ya sentensi mbili kwamba suala limefungwa. Samahani haikuwemo. Leo nimepanda cheo, nasimamia madaktari wadogo, na bado nikipita kwenye mlango wa chumba kile natembea haraka.

Msidhani ni kisa changu peke yangu. Mwaka 2019 Baraza la Madaktari la huko, GMC, lilitoa utafiti uliotokana na takwimu zake lenyewe: waajiri walikuwa wakiwashtaki kwa baraza madaktari weusi na wa jamii nyingine za wachache takribani mara mbili ya weupe, na waliosomea nje ya Uingereza mara mbili na nusu ya waliosomea humo. Moja ya sababu zilizotajwa ni ileile ya kantini. Mwenyeji anaambiwa kosa lake mapema, kwa upole, likiwa bado dogo. Mgeni wanaogopa kumwambia usoni, wanalikusanya, halafu anaitwa kwenye meza ndefu. Mwaka 2021 baraza lilijiwekea lengo la kuiondoa tofauti hiyo ifikapo 2026. Ninyi msisubiri lengo la mtu.

Andikeni. Kila zamu, siku hiyohiyo, saa na kitu, bila jina la mgonjwa. Ukisifiwa andika, ukikaripiwa andika. Baada ya mazungumzo ya mdomo na mkubwa, mtumie barua pepe fupi: asante kwa maongezi, nimeelewa hivi na hivi. Jiunge na chama cha madaktari na taasisi ya kukutetea kabla ya zamu ya kwanza, maana tatizo likishatokea kabla hujajiunga hawatalibeba. Usiingie kikaoni peke yako. Muda wa kufungua shauri la ubaguzi kazini unahesabiwa kwa miezi, kwa hiyo usikae unajiuguza mpaka mwaka uishe. Na bingwa usimsubiri, mfuate wewe wiki ya kwanza, mwambie, "Nikikosea, niambie siku hiyohiyo." Wengine watashtuka. Wazuri watafurahi.

Na acheni kuinamisha vichwa! Tumelelewa kumheshimu mkubwa, ni malezi mema, lakini kunyamaza mbele ya uongo si adabu. Mali bila daftari huisha bila habari, na jina la daktari ni mali kuliko gari.

Dokta wa Mwanza, jibu lako ndilo hili. Madaktari wengi walio mafunzoni hubadilishana vituo Jumatano ya kwanza ya Agosti, na siku hiyo hakuna atakayekuwa na muda na wewe. Nitafute Jumapili kabla yake. Koti tutakwenda kulinunua pamoja, daftari njoo nalo.